ALIYESHIKA MPINI AULIZWE

(Hotuba ya halmashauri ya elimu, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mikinduri)



Tulipopewa zamu ya kuzungumza leo tuliombwa tuseme juu ya ubunifu wa vitu vinavyotengenezwa viwandani. Ndugu mmoja alituambia njiani, "Hayo si mambo ya Mikinduri. Hayo ni ya Nairobi na ya Ulaya." Tulicheka pamoja naye, lakini hatukukubaliana naye.

Itazameni miraa. Ikisha kuchumwa ni mali inayoharibika upesi, na baada ya siku mbili hivi nguvu yake imekwisha na mnunuzi haitaki. Nayo sharti ifike Nairobi, tena ifike Mombasa, ingali mbichi. Watu wa milima hii ya Nyambene walifanya nini? Walitwaa jani la mgomba, ambalo liko bwerere shambani, wakalifungia vifungu vyao hata unyevu ukabaki ndani na jua likabaki nje. Safari ikiisha jani hutupwa, nalo huoza likawa mbolea. Hapana mtu aliyekaa mezani na rula akachora jambo hilo. Waliobuni ni wale wale waliofunga, maana wao waliijua mali, waliijua njia, na walimjua mnunuzi. (Hatusemi hapa kwamba miraa ni nzuri au mbaya. Hilo lina mkutano wake, na mkutano huo hauishi.)

Basi kubuni kitu ni kazi ya namna hiyo. Ni kuamua kitu kitakuwa na umbo gani, kitatengenezwa kwa nini, kitakuwa na uzito gani, kitashikwa wapi, kitauzwa kwa bei gani, na kikivunjika kitatengenezwaje. Wataalamu wa kazi hiyo huanza kwa utafiti. Huwatazama watu kazini, huuliza, hupima, huunda kielelezo, hukitia mikononi mwa watu hata kivunjike, kisha huunda kingine. Elimu hiyo si ngeni katika nchi yetu. Katikati ya miaka ya 1960 Selby Mvusi, mwana wa Afrika ya Kusini aliyekuwa mchoraji na mwalimu, alianza kuifundisha katika chuo kikuu cha Nairobi pamoja na mwenzake Derek Morgan. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1967, kabla hajamaliza kazi aliyoianza.

Sasa twataka kusema juu ya kitu kimoja ambacho karibu kila mmoja wenu anacho nyumbani, au jirani yake anacho. Ni lile jiko la makaa lenye kiuno, lenye kauri ndani.

Zamani jiko la mjini lilikuwa la bati tupu. Fundi alikata pipa kuukuu, akalikunja, akatoboa matundu, na kazi ikawa imekwisha. Bei yake ilikuwa ndogo, lakini lilikula makaa mno. Sababu yake kila mpishi aijua kwa miguu yake mwenyewe: bati hupitisha moto nje. Sehemu ya makaa hupika chakula, sehemu huupasha moto ukuta na magoti ya mama. Mafuta ya taa yalipopanda bei katika miaka ya 1970 na misitu ikawa inapungua, watu wakaanza kuuliza kama hapana njia nyingine. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi juu ya nishati, na katika miaka hiyo hiyo Wizara ya Nishati ilikuwa na mradi uliosaidiwa kwa fedha za Marekani. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ya jiko alikuwa Max Kinyanjui.

Kielelezo kilitoka mbali, nchi ya Thailand. Huko hutumia jiko mfano wa ndoo: nje bati, ndani chungu cha udongo uliochomwa, na katikati majivu ya maganda ya mpunga ili moto usitoke. Mtu mvivu angalilichukua jiko hilo kama lilivyo, akaliita la Kenya, akaenda zake. Na hakika majaribio ya mwanzo hayakuwa mepesi. Kauri ilipasuka. Ndugu waliofanya kazi ya chuma watajua sababu kabla hatujaisema: bati likipata moto hutanuka upesi, kauri haitanuki hivyo, ukizibana pamoja toka juu hata chini, siku moja itasikika "ta!", na pesa ya watu imepotea.

Jiko likarudi mezani, tena likarudi kwa mafundi na kwa wanawake wapishi. Lililotoka huko ndilo hili tulijualo. Kauri iko nusu ya juu tu, mahali penye makaa. Imeshikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yasiyopitisha moto kwa urahisi. Kiuno kimebanwa ili kauri ikae juu yake isianguke. Na chini pamepanuka. Kwa nini pamepanuka? Hapo ndipo twataka msimame nasi kidogo. Mtu wa maabara huchemsha maji. Hupima maji, hupima makaa, huandika. Maji hayana ugomvi na jiko. Lakini mpishi wa Kenya hachemshi maji tu, husonga ugali. Hushika mwiko kwa mikono miwili akasukuma kwa nguvu, na jiko lenye kitako chembamba litapinduka pamoja na sufuria na moto, na mtoto yu karibu. Kitako kile kipana ni jibu la mwiko.

Jiko hilo, likitengenezwa vizuri, hupunguza makaa kwa theluthi moja na hata kukaribia nusu. Hapo mwanzo bei yake ilikuwa juu na watu wengi walilitazama tu. Kisha mafundi wa bati wa Shauri Moyo na kwingineko wakafundishwa, wafinyanzi wakafundishwa, kila fundi akaliiga kwa mwenzake, na bei ikashuka hata mtu wa mshahara mdogo akaweza. Leo yamo katika nyumba nyingi za miji yetu, na mfano wake umefika Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia. Tungependa kuishia hapo, lakini si haki kuficha upande wa pili. Kuiga kulipokuwa huru, kuiga vibaya nako kukawa huru. Sokoni utakuta kauri isiyochomwa sawasawa, iliyopakwa rangi ikapendeza, na mwezi wa pili imekuwa vigae. Mnunuzi hulaumu jiko, kumbe ni tanuri lililozimwa mapema ili kuokoa kuni.

Tuje kwa yaliyotupata sisi wenyewe. Baadhi yetu tulifanya kazi mahali ambapo hatutapataja, kazi ya kuhamisha magunia ya kahawa. Siku moja zikaletwa toroli mpya, zimepakwa rangi ya kijani, na wakubwa wakaja kuzitazama. Zilikuwa nzuri kwa macho. Lakini mikono yake ilikuwa mifupi, hata mtu mrefu alisukuma ameinama kama avunaye maharagwe. Wiki ya pili migongo ikaanza kulalamika. Tulipeleka habari ofisini, tukaambiwa zimetengenezwa na wataalamu.

Palikuwa na fundi wa kuchomelea miongoni mwetu. Akachukua vipande vya bomba vilivyotupwa, akaongeza kila mkono kadiri ya shubiri mbili, akaipinda ncha kidogo juu. Toroli ile ikagombaniwa. Kila asubuhi mtu alikuja mapema apate ile. Basi ofisi ikajua, na fundi akapewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya kazi. Barua hiyo tuliisoma sote, imepigwa taipu vizuri kabisa.

Mwaka uliofuata zikaletwa toroli nyingine. Mikono yake ilikuwa mirefu, na ncha zimepindwa juu. Hapana aliyesema zilitoka wapi. Fundi hakupata shilingi, na barua yake ya onyo haikuondolewa faili.

Ndugu, hatuleti kisa hicho ili kuamsha uchungu wa kale. Twakileta kwa sababu yako maswali mawili ndani yake ambayo chama lazima kiyashike. La kwanza: nani aulizwe kabla ya chombo kuletwa? La pili: mfanyakazi akibuni jambo, ni la nani?

Juu ya swali la kwanza, itazameni chai. Mchumaji wa kilima hiki huchuma majani mawili na chipukizi, na vidole vyake hujua lipi la kuacha. Mashine ya kuchumia haina vidole. Ina meno, hukata kilichoko mbele yake. Mwaka 2010 wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai waligoma kwa ajili ya mashine hizo, na mwezi wa Mei 2023 huko Kericho mashine zilichomwa moto. Sisi hatukubaliani na kuchoma. Lakini twauliza: mashine hiyo ilipobuniwa, nani alimwuliza mchumaji? Pengine mchumaji angalisema, tutengenezeeni kikapu kisichokata mabega, tutengenezeeni mkasi mwepesi wenye kukinga chai, kazi iongezeke na mtu abaki. Kitu cha namna hiyo chaweza kubuniwa. Hakibuniwi kwa sababu anayelipa mbunifu hakuomba kitu hicho, aliomba watu wapungue.

Wako wafanyakazi waliojibu swali hilo kwa kazi. Uingereza palikuwa na kampuni ya Lucas Aerospace, yenye kutengeneza vyombo vya ndege, na watu walikuwa wakiachishwa kazi. Wawakilishi wa vyama katika viwanda vyake vyote waliungana. Hawakusema tu, "Msitufukuze." Walitaka kuonyesha mikono hiyo hiyo na mashine hizo hizo zaweza kutengeneza nini kingine chenye manufaa. Kwanza waliwaandikia wataalamu na mashirika kama 180 kuomba shauri. Waliojibu la maana walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Basi wakawauliza wanachama wao: mwaweza kutengeneza nini? Mwaka 1976 wakatoa mpango wenye vitu kama 150. Mlikuwa na mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, pampu za joto za kupashia nyumba, na gari la abiria liwezalo kwenda barabarani na relini pia. Gari hilo liliundwa kweli na likajaribiwa.

Kampuni iliukataa mpango. Mike Cooley, mmoja wa viongozi wao na mbunifu kwa kazi yake, alifukuzwa mwaka 1981. Kwa hiyo hatuwaambii kwamba walishinda. Lakini vyama vya nchi za kaskazini ya Ulaya katika miaka hiyo vilifika mbali zaidi. Norway chama cha wafanyakazi wa chuma kilimpata mtaalamu Kristen Nygaard akae upande wao, na katika miaka ya 1980 wapiga chapa wa nchi hizo walikaa meza moja na wataalamu kubuni mitambo ya kazi yao, wakitumia vielelezo vya mbao na makaratasi kabla ya senti moja kutumika kununua mashine.

Juu ya swali la pili, iko Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001. Umbo jipya la kitu laweza kuandikishwa na kulindwa miaka 5, na kuongezwa mara mbili hata likafika miaka 15. Chombo chenye maendeleo madogo ya kazi, ambacho hakikufikia cheo cha uvumbuzi mkubwa, nacho chaweza kulindwa miaka 10. Lakini sikilizeni vizuri: uvumbuzi unaotoka katika kazi uliyoajiriwa kuifanya huwa ni mali ya mwajiri. Ukiwa una thamani isiyo ya kawaida, sheria inampa mfanyakazi haki ya kudai malipo ya haki, kwa kuangalia mshahara wake na faida aliyoipata mwajiri. Uliobuniwa nje ya kazi, bila vyombo wala mali ya mwajiri, ni wako. Yule fundi wetu alitumia bomba lililotupwa na mashine ya karakana wakati wa kazi. Kesi yake ingalikuwa ngumu. Lakini hakujua hata kwamba lipo la kuuliza, na sisi tuliokuwa karibu naye hatukujua.

Kwa hiyo halmashauri yaleta mambo mawili mbele yenu yapigiwe kura baada ya chai. Tukienda kwenye mapatano ya pamoja na waajiri, tuombe iandikwe kwamba chombo au mashine mpya italetwa kwanza moja, iwekwe mikononi mwa wafanyakazi kwa muda wa msimu mmoja, na maoni yao yaandikwe kabla ya kununua nyingine. Tena, atakayetengeneza chombo kikafaa asipewe barua ya onyo, bali jina lake liandikwe na dai lake lisikizwe.

Katibu amenunua daftari la kurasa 200. Liko mezani kwake tangu leo. Mwenye jembe lenye mpini unaotoa malengelenge, mwenye panga linalochomoka, mama mwenye kikapu kinachokata bega, aje aseme, na asiyejua kuandika ataandikiwa. Andikeni kasoro, na kama mmekwisha kuitengeneza, andikeni namna mlivyoitengeneza na tarehe. Mkutano ujao kila anayeweza aje na chombo chenyewe. Mafundi wawili wa bati wa sokoni wamekubali kuja kuvitazama, nao wameomba tuanze saa nane, maana jioni wana wateja.