Kitabu Hakilimi Shamba

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa Kutus, Kirinyaga, mbele ya wakulima, wafanya biashara na vijana. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji walio mbali.



 Naona hapa watu wa namna nyingi. Wako wenye mibuni huko juu kuelekea Kerugoya, wako walimao mpunga huko Mwea, wako wauzao nyanya sokoni, na wako vijana wachukuao abiria kwa pikipiki hapa njia panda. Shauri nililokuja nalo ni moja tu, nalo ni vitabu vinavyomfundisha mtu kujiendeleza mwenyewe.

Vitabu hivi mnavifahamu. Huuzwa kando ya njia katika miji yetu, vimetandazwa juu ya magunia, na majalada yake huahidi mali, heshima na usemi mzuri. Vijana wengi huvinunua, na wengine hukosa chakula cha mchana ili wapate kuvinunua. Je, vina faida? Jibu langu ni kwamba vina faida kwa mtu ajuaye kuvitumia, na vina hasara kwa mtu asiyejua.

Kwanza yafaa tujue vilikotoka. Katika miaka ya 1840, katika mji wa Leeds huko Uingereza, vijana wachache wenye kazi za mikono walianza kukutana jioni ili wafundishane kusoma, kuandika na kuhesabu. Hawakuwa na fedha wala mwalimu. Ajuaye kidogo alimfundisha asiyejua kabisa. Walipozidi kuwa wengi walikodi chumba kikubwa kibovu, kilichokuwa zamani hospitali ya wagonjwa wa kipindupindu. Ndipo walipomwendea bwana mmoja, jina lake Samuel Smiles, wakamwomba aseme nao maneno mawili matatu. Maneno aliyowaambia ndiyo yaliyokua hata yakawa kitabu kilichotolewa mwaka 1859, nacho kikasomwa duniani kote. Angalieni basi: vijana walianza kazi kabla kitabu hakijaandikwa. Kitabu kilizaliwa na bidii yao.

Wala hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta mifano. Henry Muoria alizaliwa Kabete mwaka 1914, naye alikuwa gadi wa gari la moshi. Alijifunza kazi ya uandishi wa magazeti kwa masomo yaliyoletwa kwa posta, akisoma baada ya saa za kazi. Mwaka 1945 alitoa kijitabu kwa lugha ya Kikuyu chenye kuwauliza watu wake, Tufanye nini? Katika mwaka huo huo akaanzisha gazeti lake, Mumenyereri, lililosomwa sana hata lilipopigwa marufuku mwaka 1952.

Na karibu zaidi, hapo Karatina, alikuwako Gakaara wa Wanjau. Alifukuzwa shule ya sekondari mwaka 1940 kwa ajili ya mgomo wa wanafunzi, naye angaliweza kukaa akiilaumu bahati yake. Badala yake aliandika, akachapa, akauza vitabu vyake mwenyewe. Alipotiwa kizuizini mwaka 1952, huko nako aliandika kwa siri. Maandiko hayo yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1983, na mwaka uliofuata kikashinda Tuzo ya Noma, iliyokuwa heshima kubwa kwa vitabu vya Afrika.

Serikali nayo zamani iliona haja hii. Mwaka 1948 ilianzishwa ofisi ya vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyotoa vijitabu vya kilimo, afya na maarifa ya nyumbani kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, na kuwapelekea wasomaji vitabu kwa masanduku na kwa posta. Ofisi hiyo ilikoma mwaka 1977, wakati Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika.

Sasa nataka kuwaungamia kosa langu mwenyewe. Nilipoanza kazi ya kutafsiri, barua yangu moja ilirudishwa mezani imejaa alama za wino mwekundu, na wenzangu wakacheka. Niliona haya sana. Mshahara uliofuata nilinunua vitabu vitatu vya kujiendeleza, na mwaka ule nilisoma kumi. Kila nilipomaliza kimoja nilijiona mtu mpya. Lakini barua zangu ziliendelea kurudi na wino ule ule. Kwa nini? Kwa sababu kusoma juu ya kazi kulinipa furaha ya kufanya kazi, na mimi sikufanya kazi yo yote. Nilikuwa kama mtu anayetazama picha ya ugali akidhani ameshiba.

Aliyeniokoa ni Mmarekani mmoja wa zamani, Benjamin Franklin, aliyezaliwa mwaka 1706. Alitolewa shuleni alipokuwa na umri wa miaka kumi, akafundishwa kazi ya kupiga chapa. Katika habari za maisha yake aeleza jinsi alivyojifunza kuandika. Alichukua makala nzuri, akaandika dokezo fupi la kila sentensi, kisha akaifungia makala ile kwa siku kadha wa kadha. Baadaye aliiandika upya kwa maneno yake, akitumia madokezo yale tu. Mwisho alilinganisha kazi yake na ile ya asili, akayaona makosa yake, akayasahihisha.

Nikafanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, nusu saa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mwezi wa kwanza nilivunjika moyo. Mwezi wa pili nilianza kuyatambua makosa yangu kabla mkubwa wangu hajayaona. Baada ya miezi sita wino mwekundu ulipungua. Sikusema umekwisha; umepungua. Ukurasa mmoja uliotendwa ulinifaa kuliko vitabu kumi vilivyosomwa.

Labda mama mmoja hapa anasema moyoni, Huyu ni mtu wa kalamu, mimi nauza nyanya. Haya, tuseme juu ya nyanya. Tuseme mama ananunua sanduku kwa shilingi 3,000 na kuliuza kwa shilingi 3,800. Aona amepata 800, basi achukua 500 kwa matumizi ya nyumbani, na kujisifu kwamba ameweka 300. Lakini nauli ilikuwa 300, ushuru wa soko 50, mifuko na chakula cha mchana 150. Jumla yake ni 500. Faida yake ya kweli ni 300 tu. Akichukua 500, amekula 200 za mtaji wake. Akifanya hivyo kila siku, siku ya kumi na tano shilingi 3,000 zote zimekwisha, naye atasema amerogwa au amepatwa na kijicho cha jirani. Kitabu cho chote chema cha biashara kitamwambia aandike kila shilingi itokayo, na aweke fedha za mtaji mbali na fedha za kula. Somo lenyewe ni la ukurasa mmoja. Daftari na kalamu hazina bei kubwa. Kilicho kigumu ni kuandika kila jioni, hata siku ya mvua, hata siku ya hasara.

Kwa hiyo nawapa mashauri manne.

La kwanza, chagua kitabu kwa haja yako, si kwa jalada lake. Jiulize, Ni kazi gani iliyonishinda wiki hii? Tafuta kitabu cha jambo hilo.

La pili, usianze sura mpya kabla hujatenda jambo moja la sura uliyoisoma. Franklin alipotaka kurekebisha tabia yake aliandika sifa njema kumi na tatu, akashughulikia moja kila wiki. Kwa njia hiyo aliweza kuzimaliza na kuzirudia mara nne katika mwaka.

La tatu, msisome peke yenu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1727 Franklin na rafiki zake walianzisha chama cha mazungumzo kila Ijumaa jioni, na mwaka 1731 wakachanga fedha na kuanzisha maktaba. Nanyi watu wa Kirinyaga mnajua umoja, kwa maana kahawa yenu mwaipeleka kiwandani kwa ushirika. Watu kumi wakichanga, kila mmoja atasoma vitabu kumi kwa bei ya kimoja. Tena maktaba za umma ziko Nyeri na Embu, na hapa Kutus penyewe pana Chuo Kikuu cha Kirinyaga, kilichopewa hati yake mwaka 2016. Jirani mwenye elimu yuko; kuuliza si ujinga.

La nne, jihadharini na kitabu au mwalimu anayewaambia kwamba kila maskini ni mvivu. Si kweli. Bei ya kahawa huanguka katika masoko ya mbali, na mvua hukosa, na mtoto huugua. Mambo hayo hayaondolewi kwa kufikiri mema tu. Kitabu kisikutie haya kwa jambo lisilo kosa lako. Na mtu akikuambia uuze ng'ombe ili ulipe ada ya mkutano wake wa siku moja, upate kufundishwa siri ya utajiri, mwambie akuonyeshe kwanza daftari lake la hesabu. Mwenye siri ya utajiri hana haja ya ng'ombe wako.

Mabibi na Mabwana, wazee wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kitabu kinaweza kukuonyesha kwamba kitu kiko mvunguni, na upande gani uinamie. Kuinama ni kazi yako. Kitabu hakilimi shamba, wala hakipalilii. Lakini mkulima aliyeambiwa vema mahali pa kupiga jembe, naye akalipiga, hatarudi mikono mitupu.

Leo jioni, kila mwenye kitabu nyumbani na akifungue, achague jambo moja, alitende kesho asubuhi. Asiye na kitabu na achukue daftari, aandike shilingi alizotumia leo. Hicho ndicho kitabu chake cha kwanza, na mwandishi wake ni yeye mwenyewe.