Njia ya Mto Shire
(Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na watu wa mitaa, siku ya yubile)



Katika siku hizi twawakumbuka waliotutangulia, nasi tumeona vema kunena habari za njia waliyopita kwanza, yaani Mto Shire. Mto huo hutoka Ziwa Nyasa, hushuka kusini katika nchi iitwayo leo Malawi, hata ukaingia Zambezi katika nchi ya Msumbiji.

Aliyepanda Shire katika merikebu ya mizigo alianza kuuona mlima Morambala, umesimama peke yake juu ya nchi tambarare. Kisha mto ulipindapinda kati ya matete na mivumo, viboko majini na mamba mchangani, hata kufika kinamasi kikubwa ambacho Livingstone alikiita Kinamasi cha Tembo mwaka 1859, kwa wingi wa wanyama hao. Ni nchi nzuri sana kuitazama. Lakini chini ya maji yale mna mafungu ya mchanga yanayohama, na wakati wa kiangazi maji hupungua. Basi sharti mtu asimame mbele ya chombo na pondo mkononi, akipima kina.

Mwaka 1861 Askofu Mackenzie na wenzake walipanda mto huo pamoja na Livingstone katika merikebu Pioneer. Merikebu hiyo ilitaka maji ya futi 5, na mto haukuwa nayo kila mahali. Ikakwama mara nyingi, ikawabidi kupeleka nanga mbele na kuivuta merikebu juu ya mchanga. Mwaka uliofuata Askofu alishuka kwa mtumbwi mpaka pale Ruo inapoingia Shire. Mtumbwi ukapinduka, dawa zikapotea, naye akafa kwa homa tarehe 31 Januari 1862. Askofu Tozer, aliyeshika mahali pake, alikaa Morambala muda mfupi, kisha mwaka 1864 akahamia Unguja. Hivyo kazi ya Unguja, na baadaye ya bara yetu, ilianza kwa sababu njia ya Shire ilishindikana.

Lakini njia haikuachwa. Vikaundwa vyombo vipana visivyozama sana, vyenye gurudumu nyuma, na mizigo ikagawanywa. Mwaka 1899 iliundwa Glasgow merikebu ya Ziwa Nyasa, ikaitwa Chauncy Maples, jina la Askofu aliyefanya kazi Masasi zamani, akafa maji katika ziwa hilo mwaka 1895. Ikafunguliwa vipande zaidi ya 3,000, vikapandishwa Zambezi na Shire mpaka maporomoko, pasipopita chombo cho chote. Kutoka hapo vilikwenda kwa nchi kavu. Chombo cha chuma cha kuchemshia maji ya mvuke, uzito wake tani 11, kilikokotwa kwa kamba na watu kama 450, maili zaidi ya 60. Mwaka 1901 merikebu ikashushwa majini.

Tangu mwaka 1908 reli ilipofika Blantyre, na daraja la Zambezi lilipofunguliwa mwaka 1935, safari zile za mizigo zilikoma.

Ninyi waalimu, angalieni: Pioneer haikukwama kwa kukosa nguvu, bali kwa kutaka maji yasiyokuwapo. Yatupasa kupima kina kwanza, ndipo tupakie. Na mzigo usiopita mzima, tuugawe.

Tena, jina la merikebu twalijua sote. Majina ya wale 450 hatuyajui. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi tusiseme hivyo katika mitaa yetu. Wako wazee wanaokumbuka ni nani waliobeba mawe na chokaa ya makanisa yetu. Twawasihi, kabla ya yubile hii kwisha, waulizeni, mkayaandike majina hayo katika kitabu cha mtaa.