Mji Tunaoupita Bila Kuutazama

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wahitimu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Tanga)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote nipendalo, ila nisizidishe nusu saa, kwa kuwa pilau haingoji. Mimi ni mtumishi wa serikali, na maagizo nayatii. Nimechagua kuzungumza juu ya mji huu huu wa Tanga, na mambo ya kutazama yaliyomo ndani yake na kandokando yake.

Najua wapo watakaonong'ona, "Hapa tumekulia, twaonyeshwa nini tena?" Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka mwaka jana nilipopata aibu ambayo leo naomba ruhusa ya kuieleza mbele yenu.

Mwaka jana tulikuwa na mkutano wa kazi hapa mjini, na wageni saba walitoka bara. Mkutano ulikwisha mapema, tukabakiwa na siku moja na nusu kabla ya safari. Mkubwa wangu wa kazi akasema, "Huyu bwana ni mwenyeji, amesoma hapa, atatutembeza." Nikavimba kichwa. Jioni ile niliwapeleka Raskazone kupunga upepo. Mama mmoja katika wageni akanyoosha kidole kuelekea ghubani, akauliza, "Kile kisiwa chaitwaje, na mbona hakikaliwi na watu?" Nikajibu, "Ah, ni kisiwa tu." Akauliza juu ya majengo ya zamani ya pwani, ni ya nani. Nikasema, "Ni ya Wajerumani." Yalikuwa yamekwisha. Miaka sita nilipita hapo kwa baiskeli, asubuhi na jioni, na elimu yangu yote juu ya mji wangu ilikuwa sentensi mbili.

Usiku ule nilikwenda Ngamiani kwa mjomba wangu, nikamwomba anifundishe. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mpwa wangu," akasema, "umekwenda Chuo Kikuu ukarudi kuniuliza mimi niliyeishia darasa la nne?" Lakini alinifundisha mpaka saa sita ya usiku, na mengine niliyasoma baadaye. Naomba niwapitishe njia ile ile niliyowapitisha wageni wangu kesho yake.

Tulianzia ghubani. Kisiwa kile huitwa Toten, na neno hilo kwa Kijerumani lina maana ya wafu. Kuna magofu ya misikiti ya kale, na makaburi ya Wajerumani pia. Zamani meli zilitia nanga katikati ya ghuba, na shehena ikashushwa kwa matishari hadi gatini. Wengi wa baba zetu walikula jasho la kazi hiyo. Siku hizi bandari imechimbwa na kupanuliwa, na ng'ambo kule Chongoleani ndiko unakoishia mradi wa bomba la mafuta la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye boma la zamani, ambamo sasa mna makumbusho ya Urithi. Vijana, ingieni humo. Mtaona picha za mji huu kabla babu zenu hawajazaliwa. Reli ya kwanza ya bara letu la Tanganyika ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika Moshi. Mwaka ule ule wa 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Katika miche hiyo 62 yalitoka mashamba yote yaliyoujaza mkoa huu na kuwaleta hapa watu wa makabila mengi, wakiwemo wazazi wa baadhi yetu tulioketi humu leo.

Raskazone, ambako mimi nilikuwa nikipeleka wageni kwa ajili ya upepo tu, ndiko majeshi ya Waingereza na Wahindi yaliposhukia mwezi Novemba mwaka 1914. Walikuwa wapatao 8,000. Upande wa Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Katikati ya mapigano, nyuki walichokozwa na risasi wakatoka mizingani, wakawauma wa pande zote mbili bila kubagua. Baada ya siku nne Waingereza walirudi melini wakaacha bunduki na risasi tele ufukoni. Makaburi ya vita yapo mpaka leo, yametunzwa vizuri. Lakini mjomba aliniambia nisisahau kuwaeleza wageni habari za wapagazi. Katika vita vile vya miaka minne maelfu kwa maelfu ya wapagazi wetu walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Mchana tulishika njia ya Pangani. Upande huo wa kusini ndiko Vibambani, Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1962. Nawakumbusha watumishi wenzangu kwamba mtu huyu alikuwa karani wa serikali kama sisi. Alifanya kazi ya forodha, akafanya kazi katika ofisi ya jimbo hapa Tanga, akafanya na idara ya upimaji. Mchana aliandika barua za ofisi, na saa zake za mapumziko akaandika vitabu ambavyo mpaka leo tunafanyia mitihani. Sisi saa zetu za mapumziko twazifanyia nini?

Mbele zaidi, kilometa zipatazo 17 kutoka mjini, ndipo Tongoni. Hapo pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya watu wa kale, ya karne ya 14 na ya 15, mengine yakiwa na nguzo za mawe. Vasco da Gama alipita maji hayo mwaka 1498 akakuta watu na mji wao. Nguzo nyingi zimeanguka. Katika zile zilizosalia mtaona vishimo vya mviringo. Humo zilitiwa bakuli za kauri kutoka nchi za mbali kuwa mapambo. Bakuli hazimo, vimebaki vishimo. Mgeni mmoja akasema, "Watu wana roho gani, kubandua hata vyombo vya makaburini!" Sote tukatikisa vichwa, na mimi nikatikisa changu kuliko wote.

Sasa nafika kwenye lile lililonileta mbele yenu.

Asubuhi ya siku ya pili tulikwenda mapango ya Amboni, kilometa kama nane kaskazini ya mji, njia ya Horohoro. Haya ni mapango ya mawe ya chokaa, yaliyochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Yako kama kumi, na moja ndilo wageni hutembezwa. Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa makamo, mpole, mwenye kurunzi. Alituonyesha mawe yenye umbo la mamba, la meli, la makochi. Akatuonyesha mahali pa mzimu ambapo watu huacha sadaka zao. Akatusimulia hadithi ya mbwa aliyepotelea humo akatokea Kilimanjaro. Hadithi hiyo hata sisi tuliisikia, lakini wataalamu waliopima mapango hayo mwaka 1994 waliona pango refu kuliko yote halifiki hata kilometa moja. Popo walituruka vichwani, wageni wakapiga kelele, ikawa furaha tupu.

Kisha mzee akamulika ukuta mmoja, akasema kwa huzuni, "Na hapa, mabwana na mabibi, ndipo vijana wetu wanapotuharibia." Ukuta ulijaa majina. Yule mama aliyeniuliza habari za kisiwa akaanza kuyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine. Akafika kwenye jina langu. Jina langu, jina la baba yangu, jina la shule yetu hii, na mwaka: 1996.

Ndugu zangu, nililichonga mwenyewe kwa msumari. Tulikuwa kidato cha tatu, tumekwenda kwa lori la kukodi, na mwalimu alikuwa mbele na kurunzi. Mimi na rafiki yangu tulibaki nyuma. Yeye alimulika, mimi nikachonga. Kisha tukabadilishana, lakini mshumaa ukazimika kabla hajamaliza lake.

Mkubwa wangu akacheka, akasema, "Bwana, huyu si jina lako huyu?" Wote wakanigeukia. Nikasema, "Hapana. Majina yanafanana. Simjui."

Jina alilonipa marehemu baba yangu, nikalikana mbele ya watu saba, kwa kuogopa kuchekwa. Tukatoka nje kwenye jua, tukanunua madafu, wageni wakasahau. Mimi sikusahau. Niliwaombolezea watu wa Tongoni bakuli zao jana yake, kumbe na mimi nina mkono wangu katika jambo lile lile.

Baada ya kuwasindikiza wageni stendi, nilichukua pikipiki nikarudi Amboni peke yangu. Nikamkuta yule mzee anafunga vitu vyake. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee wangu, lile jina ni langu. Nimekuja kuomba radhi, na kama lafutika, nipe kazi ya kulifuta." Akanitazama kitambo, akasema, "Nilijua, mwanangu. Wenzako walitazama ukuta, wewe ulitazama chini." Kisha akanieleza kwamba halifutiki. Ukilisugua, unasugua na jiwe, na jiwe hilo halioti tena kwa umri wangu wala wako. Nikamwuliza basi nifanye nini. Akajibu, "Waambie wanaokuja nyuma yako."

Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Vijana, sikuwaeleza haya ili mnionee huruma. Nilichonga jina kwa sababu hakuna aliyenieleza ukuta ule ni nini. Kwangu lilikuwa pango tu, kama kisiwa kilivyokuwa kisiwa tu. Mtu huharibu kwa wepesi kitu asichokijua. Mkikijua, mkono wenyewe utasita.

Na ninyi wahitimu wenzangu, naleta ombi mbele ya mkutano huu, na naomba Katibu aliandike. Kila mwaka tuchange nauli ya basi, ili kidato cha kwanza chote kizunguke siku moja: boma, Raskazone, Machui, Tongoni, Amboni. Mmoja wetu aende nao, si kwa kuwachunga bali kwa kuwaeleza. Kila mwanafunzi akirudi aandike ukurasa mmoja juu ya kitu alichokiona, na karatasi hizo zihifadhiwe katika maktaba ya shule. Mwenye kutaka kuacha jina lake, aliache hapo, chini ya maandishi yake.

Mimi natoa nauli ya basi la mwaka huu. Na nitakwenda nao mwenyewe mpaka Amboni, hadi kwenye ukuta ule, niwaonyeshe jina langu kwa kidole changu. Safari hii sitasema simjui.

Mji wetu watu huutania kwa kusema, "Tanga, waja leo waondoka leo." Mgeni na aje, na akiondoka, aondoke amejua alikuwa wapi. Lakini sisi wenyeji tuanze.

Nusu saa imekwisha, na harufu ya pilau imenifikia.