Uchungu Si Kipimo

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Kisii na Nyamira)

Nimeombwa niseme juu ya ugonjwa wa sukari na mitishamba. Sikuja kuwaambia kwamba dawa za wazee ni uongo. La, hata kidogo.

Kuna mmea wa Ulaya uitwao galega, uliotumiwa na wenyeji kama dawa tangu zamani. Wataalamu walipata ndani yake kitu kinachoteremsha sukari katika damu. Lakini kilikuwa na sumu. Hata kondoo wakila mmea huo kwa wingi hufa. Basi wakatengeneza kitu cha jamaa hiyo kisicho na sumu kali kama ile. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, alitangaza kwamba kinasaidia wagonjwa. Ndiyo metformin, tembe ambazo wengi wetu tunapewa kliniki.

Mnaona? Mmea ulionyesha njia, lakini kazi kubwa ilikuwa kipimo.

Sasa turudi nyumbani. Tunasema sukari ni tamu, basi kitu kichungu kitaiua. Tunachemsha mwarubaini, tunakamua shubiri. Ndugu zangu, uchungu tunauonja kwa ulimi. Haupimi sukari iliyo katika damu. Tena sufuria ya leo haina nguvu sawa na ya kesho. Shubiri ikizidi inaharisha. Na ukichanganya majani na tembe, sukari yaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, hata kuzimia.

Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, si niache tembe nijaribu hii chupa ya sokoni?" Nikamwambia, "Mama, kwenye chupa hiyo, nani amepima?" Akanyamaza.

Kwa hivyo tushike haya:

1. Usiache tembe bila kuongea na kliniki. Mtoto anayedungwa insulini asikatiziwe kamwe. Bila hiyo atakufa, na hakuna jani linaloweza kushika nafasi yake.

2. Ukitumia mtishamba, usimfiche muuguzi. Taja jina lake, hata kwa Ekegusii, na ubebe chupa.

3. Kikundi kichange pesa kidogo kidogo, kinunue mashine ya kupima sukari pamoja na vijikaratasi vyake, na mtu mmoja afundishwe kuitumia.

Tukipima, tutajua. Tusipopima, tunakisia tu, na anayekisiwa ni mama yako.