Itikadi ya Mwanafunzi juu ya Maarifa na Hukumu Yake katika Sayansi



Kabla mwanafunzi hajashika kipimajoto, amekwisha kuwa na itikadi juu ya maarifa yenyewe: yanatoka wapi, nani mwenye idhini ya kuyasema, na je, yamekamilika ama bado yanatafutwa. Itikadi hiyo haimo katika muhtasari wa masomo wala haitahiniwi, lakini ndiyo iamuayo atakalotenda siku macho yake yatakapohitilafiana na kitabu.

Kisa cha Erasto Mpemba kinatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, yeye na wenzake walizoea kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyapoza kabla ya kuyagandisha. Siku moja, kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, akayatia ya kwake yangali moto, na baada ya saa moja na nusu akayakuta yameganda, ilhali ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha kabisa, yangali uji mzito. Alipouliza sababu, mwalimu wa fizikia alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena katika somo la kupoa kwa vitu, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu, na darasa zima likaigeuza kauli ile kuwa dhihaka.

Wanishangazao zaidi ni wale wanafunzi waliocheka. Akili walikuwa nazo. Lakini maadamu waliyahesabu maarifa kuwa amana iliyokwisha fungwa, hawakuona haja ya kupima jambo ambalo kupimwa kwake kulitaka vyombo viwili vya maji na jokofu la maabara. Mpemba alipima. Kisha akamwuliza Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyeizuru shule, naye akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, ila wataendelea kurudia mpaka yapatikane matokeo sahihi! Mtu huyo, aliyeyaona maji kwa macho yake, aliuweka usahihi mahali pengine, mbali na alichokiona.

Mpemba na Osborne walichapisha habari zao mwaka 1969. Mwaka 2016 Burridge na Linden, wataalamu wa Uingereza, walitangaza kwamba hawakupata ushahidi wa maana wa maji ya moto kupoa haraka kuliko ya baridi. Mwenye itikadi ya amana atasema kwamba basi mwalimu wa Magamba alikuwa na haki. Nami nakataa katakata, kwa kuwa Burridge na Linden walipima, na Mpemba naye alipima, lakini mwalimu yule hakupima kitu.

Itikadi hiyo ya amana tunailea sisi walimu wenyewe. Mwanafunzi afanyaye jaribio la pendulamu, akijua kwamba mwisho wa hesabu ya mchapuko wa mvutano wa dunia hutakiwa 9.8, aghalabu hupika majibu: huanzia kwenye 9.8, akarudi nyuma kuujaza ule mstari wa jedwali ambao saa yake iliukataa, na sisi tukampa alama zote.

Kwa hiyo naiomba semina hii iazimie kwamba, kuanzia muhula ujao, jedwali lililoandikwa kwa uaminifu, likiwa na 9.2 pamoja na hoja ya kueleza hitilafu yake, lipewe alama kamili katika mitihani yetu ya vitendo.