Kazi Isiyokatiwa Utepe



Barabara mpya inapokamilika huja mgeni rasmi, hukatwa utepe, ngoma hupigwa, na kesho yake picha hutoka gazetini. Hakuna ubaya katika jambo hilo, kwani watu waliofanya kazi wana haki ya kufurahi. Lakini ni nani aliyewahi kuona utepe ukikatwa kwa heshima ya mtu aliyezibua mtaro? Mtaro uliozibuliwa hauna mgeni rasmi. Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu huyo wa mtaro, na mfano wake umechukuliwa mbali, katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, nchini Marekani. Umechukuliwa huko kwa sababu katika milima ile jambo lenyewe huonekana wazi, bila kufunikwa na lami wala saruji.

Katika milima hiyo umo mlima Whitney, wenye urefu wa mita 4,421, na humo hupita njia ya miguu iitwayo njia ya John Muir, yenye urefu wa kilomita 340 hivi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1915, baada ya jimbo la California kutenga dola 10,000, na sehemu ya mwisho ilikamilika mwaka 1938. Sehemu kubwa ya njia hii haifikiwi na gari. Msafiri huibeba nyumba yake mgongoni, na huenda siku nyingi bila kuona duka wala nguzo ya umeme. Akifika kileleni husifu mlima, husifu na miguu yake mwenyewe. Ni nadra akumbuke kwamba kila hatua aliyokanyaga iliwekwa na mkono wa mtu, na kwamba mkono mwingine ulirudi mwaka huu kuitengeneza.

Adui wa njia ya milimani siyo sana mguu wa mtu. Adui mkubwa ni maji. Theluji inayoanguka miezi ya baridi huyeyuka kiangazi kinapoanza, na maji hutafuta mahali pepesi pa kuteremkia. Njia ya watu ni mfereji ulio tayari. Kwa hiyo kikosi cha njia hupanga mawe mshazari, kutoka ukingo hadi ukingo, yakiwa yamezikwa mpaka sehemu ndogo tu ibaki juu, ili maji yakifika hapo yageuzwe na kumwagika upande wa bondeni. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu miaka mingi, lakini kwa sharti moja: matope yanayorundikana nyuma ya mawe yaondolewe. Mtu mmoja mwenye koleo huyaondoa kwa dakika chache. Yakiachwa, maji huruka mawe na kushika njia. Misimu michache baadaye njia imekuwa mtaro, na mtaro unaelekea kuwa korongo. Hapo haitoshi tena koleo la mtu mmoja. Huhitajika kikosi kizima kwa majuma, kuta za kuzuia udongo, na udongo wenyewe kubebwa kutoka mbali, maana ule uliokuwapo umekwisha kwenda bondeni.

Watumishi wa umma waliowahi kusoma mafungu ya bajeti wataitambua hesabu hii bila kufundishwa.

Kikosi huingia milimani theluji inapopungua na hutoka kabla haijarudi. Hulala katika mahema, huamka kukiwa na baridi kali, na mara nyingi hutembea saa nzima au zaidi kabla ya kufika mahali pa kazi. Chakula na vyombo hupelekwa na nyumbu. Hao siyo nyumbu wa Serengeti bali chotara wa punda na farasi, mnyama mvumilivu na mwenye hasira, ambaye hadi leo ndiye lori la milima hiyo. Vyombo vya kazi ni sururu, koleo, mtaimbo, nyundo kubwa, tindo na kabari za kupasulia mawe. Kipo pia chombo kiitwacho Pulaski, shoka upande mmoja na jembe dogo upande wa pili. Kimepewa jina la Ed Pulaski, mtumishi wa idara ya misitu ambaye katika moto mkubwa wa mwaka 1910 huko Idaho aliwaingiza watu wake ndani ya shimo la machimbo na kuwaokoa wengi wao. Mtu aliyeacha jina lake kwenye mpini wa chombo cha kazi hana haja ya sanamu.

Kupanga mawe ni elimu. Jiwe moja hukaa juu ya mawili, na mawili hukaa juu ya moja, ili kiungo kisifuatane na kiungo. Kila jiwe hugusana na jirani zake, na ukuta huegemea mlima kidogo. Saruji haitumiki. Kinachoushikilia ukuta ni uzito wake wenyewe na akili ya aliyeupanga. Kwenye ngazi, jiwe huzikwa sehemu kubwa chini, kisha mpangaji hupanda juu yake na kulikanyagakanyaga kwa nguvu. Likitikisika, hata kidogo, hung’olewa na kazi huanza upya, kwa kuwa kwato za nyumbu aliyebeba mizigo hazitalionea huruma. Kijana mgeni huweza kumaliza siku nzima kwa ngazi moja au mbili, na jioni akaona aibu. Mzoefu humwambia kwamba ile moja, kama haitikisiki, inatosha.

Msumeno nao una somo lake. Sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwezi wa Septemba 1964 ilitenga maeneo makubwa ya pori ambamo, isipokuwa kwa sababu maalumu, mitambo ya injini hairuhusiwi. Mti ukianguka njiani katika maeneo hayo hukatwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja kila upande. Kanuni yake ni kwamba kila mtu huvuta, hasukumi; akisukuma, msumeno hupinda. Kabla ya kuanza, hao wawili hulitazama gogo kwa muda: limelalia wapi, limebanwa upande gani, likikatika litaviringika kuelekea wapi. Gogo lililobanwa juu huuma msumeno, na hapo hupigiliwa kabari. Gogo lililokazwa kama upinde huweza kumrukia mkataji. Kelele hazipo, ila sauti ya chuma kikila mti. Wapo wanaosema ni ujinga kutumia chombo cha babu wakati injini ipo. Huenda wana sababu pale miti elfu inapoanguka kwa dhoruba moja. Hata hivyo sheria hiyo imewalazimisha vijana kulinda ufundi wa kunoa meno ya msumeno, ambao bila hivyo ungezikwa pamoja na wazee walioujua.

Sasa, ni nani waliofanya kazi hizi? Jibu halipendezi kila mahali. Njia za kwanza kuvuka milima ile zilikuwa za wenyeji wake, Wapaiute na Wamiwok, waliopita huko kubadilishana bidhaa kabla mzungu hajafika. Mwaka 1883 barabara ya magari ya farasi ya Tioga ilikamilishwa, na wengi wa waliochimba walikuwa vibarua wa Kichina. Mwaka mmoja nyuma, 1882, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini humo. Mikono yao ilitakiwa, wao wenyewe hawakutakiwa. Mwaka 1903 askari weusi wa kikosi cha farasi, chini ya Kapteni Charles Young, walikamilisha barabara ya kwenda kwenye msitu mkubwa wa miti ya sekoia. Young alizaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864, akawa mtu mweusi wa tatu kuhitimu katika chuo cha maofisa cha West Point. Kwa ajili ya utumishi wake aliletwa baadaye Liberia, na alifariki Lagos, Nigeria, mwezi wa Januari 1922. Katika kona ya mlima wa California, basi, lipo jasho la mtu aliyekata roho kwenye ardhi ya Afrika.

Mwaka 1930, wakati njia ya kupitia Forester Pass ikichongwa kwenye ukuta wa mwamba, karibu mita 4,000 juu ya bahari, kijana wa kikosi mwenye umri wa miaka 18 alipoteza maisha. Lipo hapo bango la chuma la kumkumbuka. Wasafiri hulipita wakiwa wanahema.

Kisha likaja janga la uchumi. Mwaka 1933 Rais Roosevelt aliunda jeshi la vijana wa kuhifadhi mali ya asili, na hadi lilipovunjwa mwaka 1942 vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepita humo. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo kwa kawaida zilitumwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi. Walipanda miti, walijenga madaraja, walitengeneza njia. Wanawake hawakuandikishwa, na vijana weusi waliwekwa kambi zao za peke yao. Kazi ile ilikuwa njema na ubaguzi ule ulikuwa mbaya, na moja haliwezi kufuta jingine.

Mfano huo ulifufuliwa California mwaka 1976, wakati wa Gavana Jerry Brown, mara hii kwa wavulana na wasichana pamoja, na mwaka 1979 vikaanzishwa vikosi vya milimani. Kaulimbiu yao inajulikana: kazi ngumu, malipo madogo, mazingira ya taabu, na mengine zaidi! Inachekesha, na inawavuta vijana, maana kijana hupenda kuambiwa ukweli. Lakini yapasa kuwa mwangalifu. Malipo madogo yakigeuzwa kuwa sifa, anayelipa hupata usingizi mzuri kuliko anayelipwa.

Wapo wasomi waliopita kwenye mawe hayo. Mwaka 1955 Gary Snyder, aliyekuwa akisoma lugha za Asia katika Chuo Kikuu cha California, alifanya kazi katika kikosi cha njia cha hifadhi ya Yosemite. Kabla ya hapo alikuwa amezuiwa kazi ya kulinda moto wa misitu kwa sababu za kisiasa. Mashairi yake ya kwanza, yaliyotoka mwaka 1959, aliyapa jina la mawe yanayopangwa njiani, Riprap, na mwaka 1975 alipata tuzo ya Pulitzer kwa kitabu kingine. Walimu wenye wanafunzi wanaodhani kalamu na sururu haviwezi kushikwa na mkono mmoja wanaweza kuwapa mfano huo.

Yabaki ya fedha. Mwaka 2013 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba idara ya misitu ina njia zenye urefu wa kilomita 254,000 hivi, na kwamba ni robo tu iliyofikia viwango vya idara yenyewe. Hiyo ni nchi iliyopeleka watu mwezini. Mwaka 2020 ilipitishwa sheria ya kutenga hadi dola bilioni 1.9 kila mwaka, kwa miaka mitano, kwa ajili ya matengenezo yaliyoahirishwa katika hifadhi na ardhi nyingine za umma. Mwezi wa Februari 2025 serikali iliwaachisha kazi maelfu ya watumishi wa idara ya misitu na ya hifadhi za taifa waliokuwa bado katika kipindi cha majaribio, wakiwamo watengeneza njia. Mashauri yalifunguliwa mahakamani, na baadhi yao wakarudishwa. Katika majaribio hayo walikuwamo watu waliofanya kazi ya msimu kwa miaka mingi na ambao walikuwa wamepata tu ajira ya kudumu. Kwenye karatasi waliitwa wageni.

Mti ukianguka njiani na kikosi kisije, hakuna anayepiga simu. Msafiri wa kwanza huuzunguka, akikanyaga majani. Wa pili hufuata nyayo zake. Mwisho wa kiangazi panakuwa na njia mpya upande wa chini wa gogo, nyembamba, isiyo na jiwe la kugeuza maji, iliyochongwa na miguu ya watu wenye haraka. Kisha theluji huanguka juu ya njia zote mbili.