Kiingereza cha Kidato cha Kwanza: Mtoto Anasoma Nini, na Sisi Tufanye Nini?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Guta, wilayani Bunda)



Nimeombwa nizungumzie elimu ya sekondari. Mada hiyo ni pana kama ziwa letu, kwa hiyo nimechagua somo moja katika darasa moja, yaani Kiingereza cha kidato cha kwanza. Nimelichagua kwa sababu masomo mengine karibu yote yanapitia mlango huo. Mtoto akikwama hapo, hakwami katika Kiingereza peke yake.

Sote tunaijua hali ilivyo. Katika shule zetu za msingi za Serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo tu. Akivuka kwenda sekondari, mambo hugeuka. Hisabati, Biolojia, Kemia, Fizikia na Jiografia zote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Yanayobaki kwa Kiswahili ni machache, kama somo la Kiswahili lenyewe na, kwa mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, Historia ya Tanzania na Maadili.

Chukueni mfano wa mtoto aliyefaulu vizuri Sayansi. Anajua mmeng'enyo wa chakula, anajua usanisinuru. Januari mwalimu anaingia darasani na kuandika ubaoni "digestion" na "photosynthesis". Mambo ni yale yale aliyoyajua Septemba, lakini sasa hayatambui. Anaanza kujiona mjinga, wakati tatizo lake ni jina tu.

Je, somo la Kiingereza linamwandaaje? Muhtasari wa mwaka 2005, uliotumika kwa karibu miaka 20, uliweka kwanza kozi ya awali katika majuma ya mwanzo ya kidato cha kwanza, ili kumvusha mtoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Baada ya hapo zikafuata mada zake. Naomba tuzitazame chache, kwa maana kila moja ina kazi yake nje ya somo la Kiingereza.

Kuna mada ya kuelekeza njia: pinda kulia, vuka daraja, shule iko mkabala na soko. Lugha hiyo ndiyo atakayoitumia kusoma ramani katika Jiografia. Kuna mada ya kueleza mazoea na shughuli za kila siku. Sarufi yake ndiyo inayobeba kanuni za sayansi, kama vile kusema kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Kuna mada ya kueleza matukio yaliyopita, na bila hiyo hakuna Historia. Kuna kutumia kamusi na kuandika muhtasari wa maelezo ya mwalimu, stadi mbili ambazo mwanafunzi atazihitaji hadi chuo kikuu. Kuna kuzungumzia familia, kusema unachopenda na usichopenda, kutoa maoni, kuandika barua, na kusoma hadithi fupi. Mtaala mpya umeyapanga mambo kwa umahiri, lakini nguzo ni zile zile nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika.

Mtu anaweza kusema, "Hayo mbona mepesi?" Siyo mepesi kwa mtoto wetu. Kiswahili kina neno moja, "yeye", kwa mama na kwa baba. Kiingereza kinamlazimisha achague "he" au "she" kila anapofungua kinywa, ndiyo maana anasema mama yake ni "he". Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, lakini Kiingereza sivyo. Tena lugha zetu nyingi za nyumbani hazitenganishi r na l kwa namna ya Kiingereza. Mtoto akikusudia kumwambia mgeni kuwa jana walikula wali, "rice", anaweza kumwambia kuwa walikula chawa, "lice"! Tunacheka, lakini mtoto akichekwa mara tatu darasani hanyanyui mkono tena mwaka mzima. Na lugha haijifunzwi kwa kunyamaza.

Tatizo hili halikuanza jana. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walichunguza Kiingereza katika shule zetu wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na lugha ya kutosha kufuata masomo yao. Mjadala wa lugha ya kufundishia ungali unaendelea, na wenye mamlaka wataujadili. Lakini mtoto wa Guta anayeanza Januari hawezi kungoja mjadala uishe.

Lipo jambo moja la kujifunza kutoka wakati ule. Baada ya uchunguzi huo ulianzishwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuzipa shule vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa lugha rahisi. Hekima yake ni kwamba mwalimu ana vipindi vichache kwa juma, lakini kitabu kinaweza kwenda nyumbani. Katika orodha ya vitabu vya kidato cha kwanza na cha pili chini ya muhtasari wa 2005 vilikuwemo Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver, vyote vya Richard Mabala. Ni vitabu vyembamba, vinavyosimulia maisha tunayoyafahamu: kilimo cha kijijini, na mwanamke anayeendesha basi. Mtoto anaweza kukimaliza kimoja kwa juma moja, naye akikimaliza anajua kwamba amesoma kitabu kizima cha Kiingereza. Hilo linampa ujasiri.

Nisieleweke vibaya. Sisemi tukitupe Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere alikulia Butiama akizungumza Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kisha akaenda Tabora. Kiingereza alikijua kwa kiwango cha kuweza kutafsiri tamthilia za Shakespeare: tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Aliyejua lugha zote mbili ndiye aliyeweza kuzijengea daraja. Kwa hiyo mwalimu anayefafanua neno gumu kwa Kiswahili, kisha akarudi kwenye Kiingereza, hajakosea. Anavusha. Na mzazi asiyejua Kiingereza asijione hana la kufanya. Akimwambia mtoto, "Nisomee kwa sauti, halafu nieleze kwa lugha yetu," amekwisha kufundisha.

Sasa nije kwenye wajibu wetu. Tangu mpango wa MMES uanze mwaka 2004, wananchi wamechangia mawe, mchanga, matofali na nguvu zao kujenga sekondari za kata. Kazi hiyo ilikuwa njema, na madarasa bado yanahitajika. Lakini jengo hufunguliwa kwa utepe na kupigwa picha, kamusi haipigwi picha. Nawaomba wajumbe na wafadhili tutazame pia mambo matatu yasiyoonekana kwenye picha.

La kwanza ni miezi ya kungoja. Mtoto anamaliza mtihani wa darasa la saba Septemba na kuingia sekondari Januari. Miezi hiyo wengine wako mwaloni wakianika dagaa, wengine wanachunga, na Kiingereza kidogo walichokuwa nacho kinapotea. Ukumbi wa usharika hukaa mtupu siku nyingi za juma. Vijana wetu waliomaliza kidato cha sita wanaweza kuwakusanya watoto wa dini na madhehebu yote, saa mbili kwa siku, siku tatu kwa juma, wakawafundisha mazungumzo rahisi na majina ya Kiingereza ya mambo ambayo tayari wanayajua kwa Kiswahili.

La pili ni kuripoti siku ya kwanza. Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Mtoto akikosa sare anachelewa, na majuma anayokosa ndiyo yale yale ya kumvusha. Anafika wenzake wamekwisha kuvuka. Msaada wa sare unaofika Machi unamvika mtoto, lakini haurudishi majuma hayo. Kwa hiyo orodha za wahitaji ziandaliwe Oktoba, na fedha zitoke Novemba.

La tatu ni vitabu. Tuanze na kabati moja katika kila usharika, lenye kamusi za Kiingereza na Kiswahili na vitabu vya hadithi, daftari la kuazimia, na mtu mmoja mwenye ufunguo anayepatikana. Kabati lililofungwa halimsaidii mtu.

Mwisho wa kidato cha pili kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefikia kiwango hurudia darasa. Wengi wanaokata tamaa hapo walianza kupotea miezi mingi nyuma, katika majuma ya kwanza, kimya kimya, huku sisi tukiamini kwamba wako shuleni. Kila kamati ikirudi nyumbani, naomba ijibu swali moja kabla ya Oktoba: watoto wetu wanaoingia kidato cha kwanza Januari ni wangapi, na ni nani kati yao hana sare? Majina hayo yakipatikana, kazi itakuwa imeanza.